Mcheke Naye, Msimcheke

Wajukuu zangu wa Garsen, Ngao, Tarasaa na Idsowe, video ile nimeiona. Mmoja wenu mwenyewe ndiye aliyenionyesha, akidhani nitafurahi. Ni kipande kifupi tu: sista wetu mzee amesinzia kwenye benchi la mbele, kitambaa cha kichwa kimemshukia hadi kwenye nyusi, padre anahubiri, na chini yake kuna vile vichwa vya manjano vinavyotokwa na machozi kwa kucheka. Nimeambiwa grupu zima la vijana limeipokea na kuisambaza.

Sikuwaita niwagombeze. Mimi ni bibi yenu, na kati ya bibi na mjukuu utani ni halali tangu zamani za mababu. Nawaita ili niwafundishe kucheka. Maana mmemcheka mtu ambaye, lau mngemjua, angewachekesha nyinyi hata mkashika mbavu, na mngeondoka kwake mkiwa watu wema zaidi kuliko mlivyoingia. Hazina mmeikalia, mkaipiga picha, mkaiacha pale pale.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Wamethodisti, nikaolewa kwa Wakatoliki, na mjomba wangu aliyenilea alipofariki alizikwa kwa sala ya maiti ya Kiislamu. Huku mtoni koo nyingi za Kipokomo ziko hivyo. Kwa hiyo nitakapowaambia habari za watu waliozeeka katika kazi ya Mungu, msishangae nikipita kanisani, nikaingia msikitini, nikarudi kanisani. Nimekula nyumba zote hizo na katika zote nimesikia kicheko.

Kwanza nataka mjue kukaa ni nini. Kwenu nyinyi Garsen ni steji ya basi, taa, boda boda, njia panda ya kwenda Malindi, Hola na Lamu. Lakini kukaa katika nchi hii ya Tana kumewagharimu watu roho zao. Mei 1886, pale Golbanti, John Houghton na mkewe Annie, Wamethodisti waliotoka Uingereza, waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai pamoja na wenyeji waliokuwa nao. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakapiga kambi Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alikaa na wazee wetu akajifunza Kipokomo neno kwa neno, akaandika msamiati wake na kutafsiri Injili. Huwezi kujifunza lugha ya watu kama huko tayari kuchekwa nao. Kila mgeni aliyewahi kujifunza lugha yetu amelitamka neno moja vibaya mbele ya kina mama, na kina mama wakaangua kicheko, na hapo ndipo alipoamua kama atakaa au atafunga mizigo.

Halafu kuna mto wenyewe. Mimi nilikuwa msichana mdogo mafuriko ya 1961 yalipokuja. Nilikuwa mama wa watoto wakati wa El Nino ya 1997 na 1998. Nikayaona ya 2018, nikayaona tena ya 2024, na kila mara tulihama na kuku na sufuria kuelekea penye mwinuko. Pia kuna barabara: miaka ya tisini basi la Lamu halikwenda bila askari kulisindikiza, kwa hofu ya majambazi. Na majirani zetu wa juu ya mto, Jimbo la Garissa, walikuwa na padre Mkapuchini kutoka Malta, Joseph Alessandro, aliyepigwa risasi mwaka 1993. Alipona. Baada ya miaka alirudi kule kule, na mwaka 2015 akawa askofu wao. Hebu jiulizeni: ni nini kinachomrudisha mtu mahali alipopigwa risasi?

Mimi sina elimu ya seminari. Nilikuwa msaidizi katika zahanati ya masista, nikichemsha sindano, nikifua mashuka, nikishika taa usiku mtoto akizaliwa. Kwa miaka ile yote niliwatazama wageni wakija na kuondoka. Waliokuja na uso uliokunjwa, wakihesabu mbu na kuhesabu dhambi zetu, hawakumaliza misimu miwili ya mvua. Waliodumu, nakuapieni, wote walikuwa watu wa kucheka. Kwa hiyo msinielewe vibaya mtakaponiona nauheshimu mzaha wa wazee hawa. Nimeona kwa macho yangu kwamba ndio uliowashikilia hapa.

Sista huyu mliyemrekodi, mwaka wake wa kwanza alifika kabla tu ya Kwaresima. Mnawajua mbu wa Garsen mvua ikishapita: hawang'ati, wanalima. Asubuhi moja alitoka chumbani uso umevimba kama andazi. Mama mkubwa wa nyumba akamuuliza kama ameweza kufunga. Akajibu, "Mama, mimi nimefunga. Wao hawakufunga." Tulicheka hata yule mama mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akageukia ukutani. Lakini sikilizeni vizuri. Usiku ule alikuwa amempa chandarua chake mgonjwa aliyelazwa. Sisi tuliokuwa tunafua ndio tuliokiona kilipo. Yeye hakukitaja. Alitupa mzaha ili tusiulize habari ya chandarua. Hapo nilijifunza jambo ambalo sijalisahau: watu wa Mungu wakati mwingine huficha wema wao ndani ya kicheko kama mama anavyoficha dawa chungu ndani ya asali.

Jingine ni hili, na wazee wa Garsen wangali wakilisimulia. Mnajua kwamba sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwetu, mwaka 1963, katika bembelezi ya kina mama wa Kipokomo. Sista alikuwa amefunzwa bembelezi ile na mama zetu, kwa maneno yake ya kale. Usiku mmoja mtoto alilia wodini mpaka wagonjwa wakachoka. Sista akamchukua, akamlaza begani, akaanza kumwimbia taratibu. Kwenye kitanda cha kona alikuwako askari aliyeletwa na malaria, homa imempanda. Aliposikia sauti ile aliruka kitandani, akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, na mpira wa dripu unaning'inia mkononi. Wodi nzima ikamkodolea macho. Sista hakukatiza. Alimaliza wimbo mpaka mtoto akalala fofofo, kisha akamwendea yule askari polepole akamwambia kwa sauti ya chini, "Afande, keti. Taifa limelala."

Yule askari alipona. Kwa miaka mingi, kila akipita Garsen, aliingia zahanati kusalimia, na salamu yake ilikuwa hiyo hiyo: "Sista, taifa limeamka?" Mtu mwingine angemkemea kwa kuchomoa dripu. Mwingine angemcheka, naye askari akaona haya maisha yake yote. Sista alimrudisha kitandani na heshima yake ikiwa nzima, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala bila kumwamsha.

Sasa nendeni nami upande wa pili. Kijijini kwa mjomba wangu alikuwako maalim wa chuo, mzee aliyewafundisha watoto kusoma Kurani, kisha watoto wa watoto hao, kisha wajukuu wao. Mshahara wake ulikuwa kikombe cha maziwa kutoka kwa Waorma na kibaba cha mpunga kutoka kwa Wapokomo. Ijumaa moja mchungaji wa ng'ombe, aliyetembea usiku kucha kutafuta malisho, aliingia msikitini, akakaa, na hotuba ilipoanza akalala akikoroma. Vijana wakaanza kukonyezana. Mmoja akamtikisa bega. Maalim akakatiza maneno yake, akasema, "Mwacheni. Huyu amelala mbele ya Mungu. Wako waliokesha mbele ya shetani." Kisha akaendelea pale alipoachia. Mjomba wangu alisema kwamba baada ya hapo vijana hawakuinua macho mpaka sala ilipokwisha.

Maalim huyo alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba Mtume mwenyewe alitania, na katika utani wake hakusema ila kweli. Kuna riwaya mashuhuri ya bibi kizee aliyemwomba amwombee Pepo, akaambiwa kwamba vikongwe hawaingii Peponi. Bibi akageuka analia. Ndipo Mtume akaagiza aambiwe kwamba hataingia akiwa kikongwe, atarudishiwa ujana wake kwanza. Na kutabasamu mbele ya ndugu yako kumehesabiwa kuwa sadaka. Fikirini: sadaka ambayo hata asiye na shilingi anaweza kuitoa.

Na vitabu vyetu vyote viwili, Biblia na Kurani, vinamtaja mke wa Nabii Ibrahimu akicheka alipobashiriwa mtoto uzeeni. Jina la mtoto huyo, Isaka, kwa Kiebrania maana yake ni kicheko. Kwa hiyo msiniambie kwamba dini ilianza kwa kununa. Ahadi ya Mungu ilipotimia, mzee aliipakata mikononi na ikaitwa Kicheko.

Siku za El Nino nilipanda mtumbwi mmoja na maalim yule na katekista wetu. Tulikuwa tumejazana, mtumbwi umezama hadi karibu na ukingo, na maji yalikuwa ya rangi ya chai. Katikati ya mto kiboko akaibuka, karibu kiasi kwamba tulisikia pumzi yake. Hakuna aliyesema neno. Mpiga kasia aliliacha kasia majini, sote tukawa kama tumechongwa kwa mti ule ule wa mtumbwi. Kiboko akatutazama, akazama, akaenda zake. Tulipokanyaga nchi kavu, maalim akamgeukia katekista akasema, "Leo sote tumeomba kwa lugha moja." Katekista akauliza, "Lugha gani, maalim?" Akajibu, "Kunyamaza." Wakashikana mabega, wazee wawili wenye matope hadi magotini, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Nyinyi wengine mlikuwa wadogo mwaka 2012, wengine hamjazaliwa. Agosti ile majirani waliuana Riketa. Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani. Desemba ikawa Kipao. Waliokufa walizidi 100, Wapokomo na Waorma, wanawake na watoto miongoni mwao, nyumba zikachomwa, mifugo ikauawa. Sitawasimulia zaidi ya hapo leo. Nataka mjue jambo moja tu: miezi ile, sista yule hakutania. Hata mara moja. Alifunga vidonda, alishika mikono ya watu, alinyamaza. Na maalim, nimeambiwa, alifundisha watoto wake bila ile mizaha yake mpaka wakamwuliza kama anaumwa. Kicheko cha mtu wa Mungu kina macho. Kinajua kuna siku ambapo hata tabasamu ni kumpiga teke aliyelala chini. Anayetania kila mahali na kila saa, huyo ametekwa na ulimi wake, msimwite mcheshi.

Wazee wa Gasa kwa upande wetu na wa Matadeda kwa upande wa Waorma waliketi, serikali ikaketi, viongozi wa dini wakaketi. Hayo yana sifa yake. Ila mimi nitawaambia nilipoona mimi kwamba tutapona. Ilikuwa zahanati, siku ya chanjo. Mama wa Kiorma ameketi mwisho mmoja wa benchi na mtoto wake, mama wa Kipokomo mwisho mwingine na wake, katikati nafasi ya watu wanne hakuna aliyeikalia. Hawatazamani. Sista akatoka na kadi, akasimama mbele ya pengo lile, akalitazama, kisha akaketi yeye mwenyewe pale katikati akapumua. Akasema, "Nimechoka, na sindano hii inaogopwa na wote sawa. Nani ataanza kulia, mtoto au mama yake?" Mama wa Kiorma akacheka kwanza, akifunika mdomo kwa mtandio. Yule wa Kipokomo akamfuata. Watoto walipochomwa wakalia kwa pamoja, na kila mama akajikuta anambembeleza mtoto aliye karibu naye, ambaye hakuwa wake. Niliingia stoo nikalia.

Hiyo ndiyo maana ninayotaka mwondoke nayo. Kicheko kitakatifu hupunguza nafasi kati ya watu kwenye benchi. Kicheko kingine chochote huiongeza. Kipimo ni hicho, na hakihitaji elimu: baada ya kucheka, je, mtu yule yuko karibu nanyi zaidi au mbali zaidi? Ile video yenu, mmeicheka mkiwa wangapi? Na yeye alikuwa wapi mlipokuwa mnacheka?

Najua ninachokisema kwa kuwa kosa lenu nililitenda kabla yenu. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, kanisani kwetu alikuwako mhubiri mzee ambaye sauti yake ilikuwa inatetemeka, na kila baada ya maneno machache alikohoa. Mimi nilikuwa na kipawa cha kuigiza. Jioni, chini ya mwembe, niliwakusanya wenzangu nikasimama juu ya gogo nikamhubiri kwa sauti yake, mkono wake, mtetemo wake. Wenzangu walijigaragaza. Ghafla wakanyamaza, na nilipogeuka mzee alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika fimbo yake. Nilitamani ardhi inimeze. Akanitazama kwa muda, akasema, "Umenipata vizuri, mjukuu wangu. Ila umesahau kikohozi." Akakohoa, kwa makusudi, ili nijifunze. Kisha akacheka, akaniwekea mkono kichwani, akaenda zake.

Hakuniadhibu na hakunisemea kwa wazazi. Adhabu ningeisahau. Mkono ule sijausahau mpaka leo. Jumapili iliyofuata aliniita mbele nisome somo, akasema sauti kama yangu Mungu hakuiumba ibaki chini ya mwembe. Aliyenifanya nipende nyumba ya Mungu ni mzee niliyemdhihaki. Ndiyo sababu nimewaita. Nami nina deni, na deni hili hulipwa kwa wajukuu.

Ulimwenguni kote kuna watu wa namna hii. Roma, karne ya 16, alikuwako padre Filipo Neri, ambaye watu walipoanza kumsifu kuwa mtakatifu alitoka hadharani amenyoa ndevu upande mmoja tu, ili wapunguze kumsujudia. Kanisa lilimtangaza mtakatifu na ndevu zake za nusu. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2018 juu ya utakatifu, aliitaja furaha na ucheshi kuwa alama za mtakatifu, na yeye mwenyewe alisema kwamba kila siku aliomba sala ya kupewa ucheshi. Karibu zaidi na sisi ni Sista Leonella Sgorbati, wa Shirika la Consolata, aliyefika Kenya mwaka 1970 akafundisha wauguzi kwa miaka mingi. Waliomjua wanalitaja kwanza tabasamu lake pana. Alipigwa risasi Mogadishu, Septemba 17, 2006, alipokuwa akitoka hospitali alikofundisha, na mlinzi wake Mwislamu akafa akijaribu kumwokoa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kusamehe. Mwaka 2018 alitangazwa mwenyeheri. Tabasamu lile na msamaha ule, mimi naona, vilitoka katika chungu kimoja. Mtu hawezi kuanza kujifunza kusamehe saa ya kufa.

Lakini sitaki muondoke hapa mkidhani kila mvi ni taji. Jiwe nalo hukaa mtoni miaka mia, ukilipasua ndani ni kavu. Wako waliovaa kanzu ya dini maisha yote na uchungu ukawaganda, na hao waombeeni. Na wako, nasema hili wazi, mabinti na wavulana nisikieni, wanaojificha nyuma ya utani. Mtu yeyote, awe na kola, juba au kilemba, akitania juu ya mwili wako, au akikwambia mzaha kisha akakuomba usimwambie mama, huo si mzaha. Ondoka hapo hapo, uniambie mimi, umwambie mwalimu, umwambie polisi. Utani wa mtu wa Mungu unaweza kurudiwa mezani mbele ya mama yako na bado ukachekesha. Usioweza kurudiwa mezani ni sumu.

Na wewe mjukuu wangu unayejiandaa kwenda unovisi, nina neno lako peke yako, ila wenzako wasikie. Watakufundisha nadhiri, watakufundisha sala za masaa, watakufundisha kutii. Jifunze yote. Lakini utakapofika katika nyumba ile, siku ya kwanza, sikiliza meza ya wazee. Kama masista waliozeeka wanacheka pamoja wakati wa chakula, wanakumbushana makosa ya miaka thelathini bila mtu kununa, hapo tua mzigo wako. Usiogope kwamba kicheko kitakupunguzia utakatifu. Sista wetu, siku ya jubilei yake ya miaka hamsini, mgeni mmoja alimuuliza aliwezaje kuvumilia miaka mingi kiasi hicho. Akasema, "Sijawahi kuvumilia miaka hamsini. Nimevumilia leo. Na leo ni fupi." Watu wakacheka na kupiga vigelegele. Nami nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani, na siku nilipomzika babu yenu ndilo lililoniwezesha kuwasha jiko asubuhi.

Sasa nimefikia nilichowaitia. Juzi nilikwenda kwa sista, nikamwomba radhi kwa niaba yenu, maana video imetoka nyumbani kwangu. Hakujua kitu. Aliniomba aione. Nikaazima simu, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaitazama mara ya kwanza, akaitazama mara ya pili, kimya, na mimi moyo unanidunda. Kisha akaniuliza, "Unakumbuka padre alikuwa akihubiri nini?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Alikuwa akihubiri habari za Yesu kulala chomboni wakati wa dhoruba. Kanisa zima, mimi peke yangu nilifuata mfano."

Akacheka. Nikacheka. Alipomaliza kujifuta machozi ndipo akaniambia, kama jambo dogo tu, kwamba usiku ule wa kuamkia Jumapili hakulala, alikuwa na mama mmoja aliyekuwa akijifungua kwa shida, na mtoto ni wa kiume, na wote wawili wazima. Miaka yake hiyo, miguu yake hiyo, na bado akiitwa usiku anaamka.

Ameagiza nisiwaambie mfute. Ameagiza mje. Kwa hiyo, Jumamosi, jua likipunga, nendeni. Si wote kwa pamoja, watatu watatu. Mchukue maembe mawili matatu, anayapenda ya Ngao, myachague yaliyoiva maana meno yamepungua. Simu ziwe mfukoni. Msimwulize habari za utakatifu, ataona haya. Mwulizeni habari ya mbu, na ya askari, na ya kiboko mwulizeni katekista, naye yu hai. Kisha, mkitoka kwake, piteni kwa maalim anayefundisha sasa chuoni, mtoto wa yule wa kwanza, mkamsalimie na kumwuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Mtakuta na huko mlango uko wazi.

Mwaka huu wapo. Sina ahadi ya mwaka ujao.

Mungu aliyempa Sara kicheko uzeeni awape nyinyi kicheko ujanani, kisichomwacha mtu nje. Awape miguu ya kukaa pale wengine wanapokimbia. Na mkizeeka, wajukuu wenu wawakute mmesinzia kanisani au msikitini kwa uchovu wa wema.

Amina. Nendeni, na mnifikishie salamu.